Neno Nililomnyima Mama Kioko

Naliaka mwanangu,

Sasa hivi uko ng'ambo ya ukuta huu, chumbani kwa Mama Shiro, unasukwa nywele za kuhamia. Nakusikia ukicheka. Mimi nimekaa kwenye kitanda chako, kibao cha kusukumia unga nimekiweka magotini kiwe meza, na ninaandika haraka kuliko nilivyozoea, maana nywele za mistari hazichukui mchana mzima na ningependa kumaliza kabla hujaingia. Kicheko chako kikikatika ghafla, mkono wangu unasimama. Nangoja. Ukianza tena kuongea, nami naanza tena kuandika. Ukiona mahali wino umekolea kama nukta isiyo na kazi, ujue hapo ulikuwa umenyamaza.

Kesho asubuhi unahamia Kware. Sitakuandikia habari za vidonge, kwa sababu saa za vidonge vyako unazijua kuliko mimi. Sitakuandikia habari za kanisa, wala za wanaume, wala za kuamka mapema. Umelelewa, hayo yamekwisha. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na woga wangu una chanzo ambacho wewe unajua nusu yake tu.

Jumapili iliyopita ulikuwa unakunja blanketi, ukaniambia bila kuniangalia, "Baba, huko hakuna msee ananijua. Kazini sijasema, na kwa ploti nitakayokaa sitasema. Nataka tu nikae kama watu."

Nikakuuliza, "Na ukianguka?"

"Si ni zaidi ya mwaka sijaanguka? Halafu, si ni wewe ulikuwa unaniambia, haya ni yetu wawili, usimwambie mtu?"

Nilisema nakwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa, na nadhani uliona. Nilitoka kwa sababu jibu langu lingeanza na Mama Kioko, na Mama Kioko sijawahi kukuambia vizuri.

Unamkumbuka kama yule mama Mkamba aliyekaa chumba kilicho upande wa kulia wa chetu, aliyeuza githeri jioni, akahama ghafla. Acha nikueleze alikuwa nani kwetu.

Nilipopunguzwa kazini ulikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yako alikuwa ametuacha miaka saba nyuma. Nilikuwa karani wa stoo. Nilijua kuandika, kupanga faili na kupiga muhuri, na sikujua kingine. Kwa wiki mbili niliendelea kupiga pasi shati kila asubuhi na kukaa kizingitini na gazeti, ili watu wadhani niko likizo. Hakuna aliyedhani hivyo. Siku moja Mama Kioko alisimama mbele yangu, mikono imejaa unga.

"Baba Naliaka, hiyo gazeti hata ukiichemsha hailiki."

Nikacheka kwa adabu.

"Sikia. Chukua mandazi. Mimi nitabaki na githeri."

Sikuelewa. Nilidhani ananipa mandazi nile. Ikabidi anieleze kama mtoto. Unajua utaratibu wa ua huu, lakini umekua ndani yake na huenda hujawahi kuutazama. Kila mlango una kitu chake. Mama Shiro ana makaa na mafuta ya taa. Mlango wa karibu na mfereji una sukuma wiki na nyanya. Hakuna anayeuza kitu cha mwenzake, hata kama anaweza kukipika vizuri zaidi. Haukuandikwa popote, na sijawahi kuona mtu akiuvunja. Wakati huo Mama Kioko alikuwa na vitu viwili, mandazi ya asubuhi na githeri ya jioni. Alichokuwa akinipa ni asubuhi yote ya ua mzima. Kila mtoto aliyekwenda shule na kila mwanamume aliyetoka kwenda Industrial Area angenunua kwangu, na yeye asingekaanga tena hata moja.

Alinifunza mwenyewe. Wanawake walitoka na viti kuja kutazama mwanamume akikanda.

"Karani, usiigonge hivyo, hiyo ni unga, si muhuri," Mama Shiro alisema.

"Na mbona anazikata kama bahasha?" mwingine akauliza. "Tutazila ama tutazituma?"

Walicheka hadi wakajishika mbavu, halafu wakanunua yote, yakiwa magumu vile vile. Tulikula kwa sababu hiyo, mwanangu. Ulimaliza darasa la nane kwa sababu hiyo.

Ugonjwa wako ulikuwa umeanza ukiwa na miaka kumi. Daktari alinieleza kwa upole na kwa urefu, akaona nimeelewa. Ni hitilafu ya muda mfupi katika ubongo, akasema, haiambukizi, si kwa mate, si kwa pumzi, si kwa kushikana mkono. Niliamini kila neno. Nilirudi nyumbani nikijua kitu ambacho hakuna mwingine katika ua huu alikijua. Hapa watu walishika kwamba povu la kifafa likikugusa umekwisha, na kwamba chakula kilichoguswa na mkono wa mgonjwa hakiliwi. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakimwacha mtu barabarani, amelala kando ya mtaro, kila mmoja amefunika mdomo.

Sasa fikiria mimi nilikuwa nani hapa. Nilikuwa ndiye wa kuwasomea barua. Nilijaza fomu za shule za watoto wote. Mtu akiletewa karatasi ya hospitali, ni mimi niliyemweleza. Nilipenda kueleza, bado napenda, unanijua. Nilieleza vyama vingi ni nini, nilieleza kwa nini sukari imepotea dukani, nilieleza hata kupatwa kwa mwezi kwa kutumia chungwa na taa. Kitu kimoja tu, ambacho nilikuwa na ukweli wake wote kutoka kwa daktari, sikukieleza kwa mtu yeyote. Nilijiambia nakulinda usichekwe. Ulipoanza kunisaidia kukaanga, sababu ikawa nyingine, nami sikujisemea. Nani angenunua mandazi kutoka mkononi mwako?

Kwa hiyo nilikufunza. Ukihisi ile harufu ya kuungua inayokujia kabla hujaanguka, ingia ndani, funga mlango, lala chini. Nilikuwa nakusifu ukiwahi. Naandika hili na aibu yake inanichoma: nilimsifu mtoto kwa kujifungia peke yake.

Asubuhi ninayotaka kukueleza, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliwahi kufunga mlango, mimi nikiwa humo ndani, lakini hukuwahi kulala. Ulianguka ukagonga meza, sufuria zikamwagika, halafu ikafuata ile sauti ya koo ambayo siwezi kuiandika. Unajua kuta zetu hazifiki paa. Sauti ikitoka chumba kimoja inatembea juu ya mbao na kushuka popote. Na siku hiyo Kioko, aliyekuwa rika lako, hakuwa amekwenda shule. Alikuwa na malaria kali. Alfajiri yote alikuwa akiguna, na baada ya saa moja hivi mama yake alimtoa amemfunga blanketi, anatetemeka meno yakigongana, akampeleka zahanati.

Nilikuwa nimekwisha kukufuta uso na kukulaza. Nilitoka uani kumwaga maji. Mama Shiro alikuwa amesimama na wengine wawili watatu, mikono kifuani, sauti chini.

"Baba Naliaka, hiyo kelele ya asubuhi. Ilitoka kwa Mama Kioko, ama?"

Nilikuwa na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na kitambaa chenye damu ya ulimi wako. Niliogopa kwamba wataangalia ndani. Nikasema, "Hata mimi nilisikia."

Ni hayo tu. Nimeyatazama maneno hayo kwa miaka saba kama mtu anayekagua fomu. Sikusema jina la mtu. Sikusema uongo, maana kweli nilisikia, nani angesikia kuliko mimi? Lakini mimi ni mtu niliyeaminiwa kwa maneno katika ua huu, na niliwaona wakipokea neno langu na kuliweka mahali pake. Mmoja alisema, "Maskini Kioko." Mwingine akasema, "Na tunavyokula hiyo githeri." Ningeweza kuongeza neno moja. Nilimwaga maji nikaingia ndani.

Hapakuwa na ugomvi. Kama kungekuwa na ugomvi labda ningesema. Watu walianza tu kupita mlango wake jioni na sufuria zao tupu, wakisema leo watapika nyumbani. Alikuwa na kawaida ya kutuma bakuli kwa mlango huu na ule, na wewe unajua bakuli la jirani halirudi tupu, hurudi na chochote kilichopo, hata chumvi. Sasa mabakuli yalianza kurudi na githeri yake ile ile ndani, imepoa, haijaguswa. Alidhani imechachuka. Alibadilisha maharagwe. Akabadilisha mahali pa kununua mahindi. Nilimwona akionja chakula chake mara mbili, mara tatu, akitafuta kosa.

Mimi niliendelea kununua. Kila jioni nilipeleka sufuria yetu, na nilijiona mtu mwema. Jioni moja aliniambia, akipakua, "Ni wewe peke yako umebaki, Baba Naliaka. Mungu anakuona."

Nilikula chakula hicho. Nawe ulikula, ukasema ni tamu.

Hakumaliza miezi miwili. Watoto walikuwa wamempa Kioko jina huko shuleni, na hilo ndilo lililomfanya afungashe. Kaka yake alikuwa na kipande cha shamba Njiru, upande wa Kangundo Road, wakati huo kukiwa na miiba na nyumba moja moja za mabati. Walipoondoka nilibeba kabati lake hadi kwenye mkokoteni. Nilibeba upande mzito.

Kilichofuata unakijua zaidi, kwa sababu kiliandikwa mkononi mwa Mama Shiro. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa Jumamosi, mimi nimetembea hadi Majengo kununua unga, na wewe uko uani, unakaanga. Sijui kama harufu ilikujia au haikukujia. Ulianguka ukielekea karai la mafuta. Waliokuwapo walirudi nyuma, mama mmoja akamziba mtoto wake mdomo kwa leso. Mama Shiro alikuwa anapima makaa. Alikuwa anaogopa kama wao, ameniambia hivyo mwenyewe. Lakini alikuwa karibu, akakuvuta, na mafuta yakamwagika kuanzia kiwiko hadi kidole gumba chake.

Niliporudi nilikukuta kitandani mwake, umelala, kichwa kiko mapajani mwake. Mkono wake wote ulikuwa mweupe kwa dawa ya meno aliyojipaka.

"Baba Naliaka. Ni wewe uliniambia ulisikia."

"Ndiyo."

"Nilimtangaza mwenzangu kwa ua mzima. Mimi. Na mdomo wangu."

"Ndiyo, Mama Shiro."

"Mtoto mgonjwa si aibu," akasema. "Lakini wewe..." Akakupangusa jasho kwa mkono mzima.

Siku mbili mandazi yalipoa kwenye trei. Nilianza kufikiria kurudi nyumbani kwetu, kulima. Siku ya tatu Mama Shiro alitoka katikati ya ua asubuhi, mkono umefungwa kitambaa, akaita milango yote.

"Karani, kuja hapa. Unatufunzanga kila kitu, hata mwezi umetufunza na chungwa. Sasa tufunze na hii."

Nilieleza. Sijawahi kueleza kitu vibaya hivyo, nilirudia rudia. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na andazi ulilokuwa umeliuma. Mama Shiro alikuja, akalichukua mkononi mwako, upande ule wenye alama ya meno yako, akalila mbele ya watu hadi likaisha. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekunywa kwinini. Halafu akasema, "Haya. Nikianguka kesho, mtajua Karani ni mwongo." Wakangoja. Ninaamini kweli walingoja hadi kesho yake. Kisha wakaanza kuja, si wote, nyumba moja haijanunua kwetu hadi leo. Waliobaki walitosha.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hulijui, na Mama Shiro atanikasirikia. Unakumbuka kitasa cha bafu kilipong'oka? Umelalamika miaka sita kwamba hakuna anayekirekebisha, kwamba ni aibu watu wazima kuoga na leso imetundikwa mlangoni kama alama. Hakikung'oka, Naliaka. Mama Shiro alikitoa kwa nyundo wiki ile ile, na kila mlango ukakubaliana useme ni kutu. Watu wa milango minane wameoga bila kitasa miaka sita ili wewe usije ukajifungia humo. Na mara zote ulipoingia kuoga, kuna mtu aliyekuwa anafua karibu. Hujawahi kujiuliza kwa nini kila mara kuna mtu anafua? Umeishi ukidhani uko huru, na nilifurahi udhani hivyo. Uhuru huo ulishikwa na mikono mingi uliyoizoea hata huioni.

Nilichukua karibu mwaka mzima kwenda Njiru. Mama Shiro alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Umeenda?" nami nasema mvua, nasema goti. Nilipokwenda nilimkuta Mama Kioko akimwagilia mboga. Alifurahi kuniona, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alinipa kiti nje. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo ulikuwa unanunua githeri yangu ukijua."

"Ndiyo."

"Kila jioni."

"Kila jioni."

Akamwaga maji yaliyobaki. "Ungeniambia mimi," akasema. "Mimi tu. Ningenyamaza, ningepika, na huyo mtoto angekuwa na mtu wa pili wa kumwangalia. Tulikuwa tunagawana ukuta, Baba Naliaka. Ulininyima neno, na yeye ukamnyima jirani." Akaniuliza unaendeleaje, kama unakunywa dawa. Nikamjibu. Tukakaa. Jua likasogea. Hakunipa chai. Unajua maana yake katika nyumba ya mtu kama yule, mtu aliyenipa asubuhi nzima ya kuuza. Niliaga nikarudi bila chai, na nimekwenda mara mbili zaidi, na bado sijapewa. Sisemi hili unihurumie. Nasema ujue kwamba kuna mambo mtu hueleza yakabaki yalivyo.

Alhamisi nilipokuambia nakwenda kumwona mtu wa pensheni, nilikwenda Kware. Samahani. Nilitaka kuona. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu, nikipumzika kila kona. Nilihesabu milango kumi na miwili kwenye korido yenu, yote ya chuma, yote imefungwa, kila mmoja na redio yake. Watu wawili walipishana nami kwenye ngazi, hawakunisalimia na hawakusalimiana. Niliingia bafu lenu la mwisho wa korido. Mlango ni chuma, na kitasa chake kipya, kinene kama kidole changu. Nilikifunga nikiwa ndani nikapiga kelele kidogo, kujaribu. Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Kwa nini angekuja? Hawamjui mzee aliye ndani, na hawajui kwamba sauti ile ina maana.

Nilikifungua nikatoka. Mkabala na mlango wako kuna mama ameweka stuli, amepanga nyanya na vitunguu mafungu mafungu. Ndiye mtu pekee niliyeona mlango wake wazi.

"Mzee, unahamia hapa? Hizi ngazi zitakumaliza," akasema.

"Ni msichana wangu."

"Mwambie asiogope. Mimi niko hapa kutoka asubuhi hadi jioni, hata choo naenda mbio watu wasiibe nyanya."

Naliaka, nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nilikuwa nimemaliza nusu ya "Mama, huyu mtoto" nikanyamaza, nikasema nataka nyanya mafungu mawili. Sikumwambia. Safari hii sikunyamaza kwa aibu. Tangu ukiwa na miaka kumi ni mimi nimeamua nani ajue mwili wako na nani asijue, na niliamua vibaya, kisha Mama Shiro akaamua, akaamua vizuri, lakini wewe hujawahi kuulizwa hata mara moja. Nilishuka zile ngazi nimeshika nyanya nikiogopa kuliko nilipopanda. Bado naogopa. Naogopa kile kitasa. Naogopa ile korido yenye redio. Zaidi ya yote naogopa kwamba utakuwa mtoto mzuri na kufanya kama nilivyokufunza.

Sikuombi utangaze. Najua kutamani mahali ambapo hujulikani. Mimi nilipiga pasi shati wiki mbili kwa kutamani hivyo hivyo. Huenda mtu mmoja pale akarudi nyuma ukimwambia, na huenda akaacha kukusalimia. Hilo litauma na sitakuwa karibu. Lakini chagua mlango mmoja. Mmoja tu, kabla hujafunga kile kitasa mara ya kwanza.

Na kama maneno yatakataa kutoka, kama yalivyonikataa mimi nikiwa na ndoo mkononi, basi mpe barua hii. Ndiyo sababu sikuandika kwa lugha yetu ya nyumbani kama barua zangu zote kwako. Nimeandika Kiswahili, na nimeandika herufi kubwa, ili yeyote utakayemchagua aweze kuisoma bila wewe kusema chochote. Asiposoma vizuri, atapata wa kumsomea, na hapo tayari watakuwa wawili.

Kwako wewe uliyepewa karatasi hii: sijui kama ni wewe wa nyanya au mwingine. Mtoto huyu ana kifafa. Hakiambukizi. Nimekula naye sahani moja miaka kumi. Ukisikia kitu kizito kimeanguka, halafu sauti ya koo, nenda. Ondoa vitu vigumu karibu naye, umwekee nguo laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Akiacha kutikisika mgeuze alale kwa ubavu. Tazama saa. Ikipita dakika tano, tafuta gari la kumpeleka hospitali. Isipopita, kaa naye tu. Akifungua macho hatajua yuko wapi, na ataogopa kwa muda mfupi. Mwambie yuko nyumbani, kisha umwite kwa jina, polepole, mpaka akuangalie.

Anaitwa Naliaka.

Baba yake